Lugha ya Mtaa, Lugha ya Ubao

Mtoto wa Ruashi, jijini Lubumbashi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, anapoingia darasa la kwanza haji mikono mitupu. Nyumbani huenda wazazi wanaongea Kiluba cha Kasai, jirani Kibemba, lakini michezo na ugomvi wa batoto wa mtaa huenda kwa Kiswahili, kile cha Lubumbashi kilichokomaa katika kambi za kampuni ya madini ya Union Minière, ambako wafanyakazi waliotoka Kasai, Rhodesia na Ruanda-Urundi hawakuwa na budi kuelewana. Akitumwa sokoni kununua unga wa bukari (ugali), husikia bei zikitajwa kwa Kifaransa. Basi kabla hajashika kalamu, mtaa umeshamfunza kusimulia, kubishana na kuhesabu chenji. Kisha anafika darasani, na katika shule nyingi za mjini anapokewa na Kifaransa tangu wiki za kwanza. Anabebeshwa mizigo miwili kwa mpigo: kujua kusoma, na kuijua lugha anayosomea. Asipojua kusoma, wengi huulaumu mtaa. Mimi naona kosa liko kwa shule, inayoanza kazi kana kwamba mtaa haukufundisha kitu.

Umaskini je? Unaumiza, hilo halina ubishi, ila haumalizi maelezo. Mwaka 2014 upimaji wa wanafunzi wa shule za msingi uitwao PASEC ulilinganisha nchi 10 za Afrika zinazosomesha kwa Kifaransa. Burundi, iliyo miongoni mwa maskini kabisa duniani, huwaanzisha watoto kusoma kwa Kirundi, na wale wa madarasa ya mwanzo waliwaacha wenzao mbali. Msomaji makini atapinga: hao walipimwa kwa lugha yao, wengine karibu wote kwa Kifaransa, mashindano gani hayo? Ni kweli, na ndicho ninachosema. Tena, mwishoni mwa shule ya msingi watoto wa Burundi nao walipimwa kwa Kifaransa. Burundi iliongoza katika hisabati, na katika kusoma ilitanguliwa na Senegal na Burkina Faso tu. Kirundi hakikuwanyima Kifaransa.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba Burundi ina lugha moja, Ruashi ina nyingi, na hata Kiswahili chake si kile cha vitabuni. Lakini kutoka "batoto" hadi "watoto" ni hatua moja. Kutoka "batoto" hadi "les enfants" ni safari. Wazazi nao hudai Kifaransa kwa kuwa ndicho kinachofungua ofisi, na wana haki. Tunachobishania ni wakati wa kukianza. Zaidi ya hayo, elimu ya msingi ya bure iliyoanza nchini Kongo Septemba 2019 imejaza madarasa, na mwalimu aliyezingirwa na umati wa watoto hawezi kumfafanulia kila mmoja neno la kigeni. Sheria ya elimu ya Februari 2014 tayari inaruhusu kufundisha kwa lugha za taifa na za mazingira. Kilichobaki ni vitabu vya Kiswahili vinavyotosha kila dawati, na walimu waliofunzwa kuvitumia.