Kompyuta ya Kikundi Ikizimika-zimika, Je, Ni Prosesa?

Siku hizi vikundi vingi vya kujisaidia vina kompyuta ya mezani, mara nyingi ile iliyokwisha tumika ofisini kwingine. Humo ndimo mwekahazina huweka hesabu za akiba na mikopo, kwa hivyo ikianza kuzimika-zimika wanachama wote hushikwa na wasiwasi. Fundi akiitwa hutazama kidogo na kusema, "Prosesa imekufa." Kisha kikundi huombwa pesa za prosesa nyingine, au hata za mashine nzima.

Ndugu wasomaji, kabla ya kutoa pesa hizo, ulizeni kwanza. Prosesa ni kati ya sehemu za kompyuta ambazo hufa mara chache sana, maana ndani yake hakuna kitu kinachozunguka wala kusuguana. Mara nyingi mgonjwa ni jirani yake.

Prosesa ni kile kipande bapa cha mraba, upana kama sentimita 4, kinachofanya hesabu zote za kompyuta. Ikifanya kazi hupata moto sana. Ndiyo sababu juu yake hufungwa chuma chenye mapezi mengi, na juu ya chuma hicho feni. Katikati ya prosesa na chuma hupakwa grisi maalum ya kupitisha joto. Feni ikisimama, mapezi yakizibwa na vumbi au grisi ikikauka, joto hukosa pa kwenda. Prosesa nyingi za miaka ya 2000 na baadaye zina kinga yake: joto likipita kiasi (kwa nyingi ni karibu nyuzi 100 za Selsiasi) hupunguza mwendo, na likizidi hapo huzima mashine ghafla. Basi kompyuta inayofanya kazi vizuri asubuhi, ikawa nzito saa saba mchana, ikazimika, kisha ikawaka tena ikishapoa, prosesa yake ni nzima. Inajiokoa tu.

Kikundi kimoja cha kina mama tulichokitembelea kilikuwa tayari kimeanza kuchanga pesa za prosesa. Tulipofungua ubavu wa mashine tukakuta waya mmoja umelegea na kuingia kwenye feni, feni imekwama. Waya ulifungwa kando kwa kamba, na kazi ikaendelea. Pengine mtakuta utando wa buibui, au nyumba ya nyigu!

Kazi ya kusafisha mnaweza kuifanya wenyewe. Zimeni, chomoeni waya wa stima, na mguse chuma cha kisanduku kabla ya kugusa kitu cha ndani. Shikeni feni kwa kidole isizunguke, halafu mtoe vumbi kwa brashi laini iliyo kavu. Msipulize kwa mdomo kwa sababu mate huingia. Mkiwasha tena, tazameni kama feni inazunguka. Ikikataa, nunueni feni, ambayo bei yake ni ndogo ukilinganisha na prosesa. Kubadilisha grisi mwachieni fundi, lakini simameni hapo mwone. Ile ya zamani hupanguswa kwa spiriti, na mpya huwekwa kiasi cha punje ya mbaazi. Anayepaka dawa ya meno badala ya grisi huyo mkataeni, maana dawa hiyo hukauka upesi na tatizo hurudi.

Je, ikizimika hata ikiwa baridi? Hapo shukuni umeme. Stima yetu ni volti 240, lakini jioni wengi wakiwasha vitu vyao huweza kushuka. Kile kisanduku cha chuma kinachopokea waya wa stima nyuma ya mashine nacho huzeeka. Fundi akijaribu kingine kwa muda mtajua. Msikifungue kamwe, kwani huhifadhi umeme wa kuua hata kikiwa kimechomolewa.

Ikiwa mashine inalia pii-pii na kioo hakionyeshi kitu, mara nyingi ni memori. Ichomoeni, mfute meno yake ya rangi ya dhahabu kwa raba ya penseli, mrudishe. Kama ziko mbili, jaribuni moja moja. Tazameni pia vile vikopo vidogo vilivyosimama kwenye madabodi. Vikiwa vimevimba kichwani au vinatoa maji ya kahawia, ugonjwa uko hapo. Mashine nyingi za mwanzo wa miaka ya 2000 zilitoka na vikopo vibovu. Na tarehe ikirudi nyuma kila mnapowasha, nunueni betri mpya ya CR2032, ile ya mviringo kama sarafu, kabla mikopo haijaandikwa kwa mwaka usio wake.

Hatusemi prosesa haifi. Mwaka 2024 kampuni ya Intel yenyewe ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikiharibika kwa sababu ya kupewa volti nyingi kupita kiasi, ikaongeza udhamini wake kwa miaka 2. Lakini hizo ni mashine mpya mpya. Kwa hizi zetu, mwambieni fundi aichomoe prosesa na kuijaribu katika kompyuta nyingine inayoipokea, mbele yenu. Ikikataa huko, na nyingine ikafanya kazi kwenu, hapo mwaminini.

Hata ikifika hapo, msiogope kuhusu hesabu. Hazikai ndani ya prosesa, hukaa kwenye diski ngumu. Kabla mashine haijapelekwa mjini, mwombeni fundi atoe diski hiyo na mbaki nayo. Ikifungwa katika kompyuta nyingine, mwekahazina ataweza kuzisoma na kuzinakili kwenye flashi siku hiyo hiyo.