Diski Mpya Katika Kompyuta ya Zamani

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Usemi huo unamfaa mtu ambaye kompyuta yake ya zamani ingali nzima, ila diski imeanza kugonga ndani kwa ndani na kusoma kwa taabu. Aghalabu mashine ya namna hiyo hutunza mambo mazito: hesabu za duka, majina ya wanafunzi, au programu isiyokubali kufanya kazi katika mashine za siku hizi. Diski za mtindo wake zinazopatikana leo nyingi zimekwisha kutumika. Je, yawezekana kuifungia diski ya kisasa? Yawezekana, bali kwa uangalifu.

Kwanza tufahamu tofauti. Bodi kuu za kabla ya mwaka 2003 kwa kawaida hutumia mtindo wa IDE, wenye soketi ya pini 40 na utepe mpana wa waya uwezao kubeba diski mbili. Mtindo wa SATA, ulioingia mwaka 2003, hutumia kebo nyembamba yenye vigusio 7, na kila diski ina kebo yake. Umeme wake huingia kwa plagi bapa yenye vigusio 15, badala ya ile ya pini 4. Ukilazimisha kimoja kiingie katika kingine utavunja vyote viwili.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni adapta ndogo inayochomekwa nyuma ya diski. Mwambie muuzaji waziwazi kwamba bodi ni ya IDE na diski ni ya SATA, kwa sababu zipo adapta za kinyume chake, na kwa macho hufanana. Njia ya pili ni kadi ya SATA inayochomekwa katika nafasi ya PCI kwenye bodi. Kadi huwa bora zaidi ikiwa ina programu yake ya kuwashia, maana kompyuta yaweza kuanzia kwenye diski hiyo.

Wengi hudhani kwamba waya zikishaungana kazi imekwisha. La hasha! Hatari kubwa imo katika hesabu. Kompyuta nyingi za kabla ya mwaka 2002 huhesabu visehemu vya diski kwa namba ya tarakimu 28 za sifuri na moja. Kila kisehemu kina baiti 512, hivyo upeo wake ni gigabaiti 137. Windows XP ilipotoka mwaka 2001 ilikuwa na upeo huo huo, hadi iliposahihishwa mwaka 2002. Kompyuta ikiandika kupita upeo huo, hesabu yaweza kurudi sifuri, na maandishi mapya yakafuta mwanzo wa diski, palipo na orodha ya mafaili. Msiba huo hauonekani siku ya kwanza; hutokea miezi baadaye, diski inapojaa.

Kwa hiyo, kama huna hakika na bodi yako, tenga fungu moja lisilozidi gigabaiti 120, na nafasi iliyosalia uiache bila kuigusa. Wala usinunue diski ya zaidi ya terabaiti 2, kwa kuwa mpango wa zamani wa kugawanya diski hauwezi kuifikia yote.

Sasa fuata utaratibu huu:

1. Nakili mafaili yote mahali pengine kabla ya kushika bisibisi.
2. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha gusa chuma cha kasha ili umeme tuli ukutoke mwilini.
3. Ukitumia adapta, iweke peke yake katika utepe wake.
4. Washa, uingie katika BIOS, uhakikishe kwamba jina na ukubwa wa diski vinaonekana sawasawa. Isipoonekana kwenye bodi ya SATA ya miaka ya mwanzo, soma kibandiko cha diski. Baadhi zina jampa ya kupunguza kasi hadi gigabiti 1.5 kwa sekunde.
5. Usiitupe diski ya zamani mpaka ile mpya itumike wiki kadhaa bila kasoro.

Adapta ikiharibika utanunua nyingine. Mafaili yaliyofutika hayana duka, nayo hatua ya kwanza hapo juu ndiyo kinga yake.