Ifakara: Lami Imekuja, Gazeti Linaondoka

Huku Marekani majirani zangu wa makamo wana kilio kimoja: gazeti la mji wao limekufa, au limebaki jina tu, na kijana aliyekuwa akilitupa barazani kila alfajiri haonekani tena. Hawatii chumvi. Nchi hii imepoteza zaidi ya theluthi moja ya magazeti yake tangu 2005, mengi yakiwa ya miji midogo. Mazungumzo hayo yakianza, naulizwa: na kwenu Ifakara je? Jibu fupi ni kwamba kwetu kuletewa gazeti mlangoni hakukuwa desturi, wala mji wetu haukuwahi kuwa na gazeti lake la kila siku. Jibu refu lina barabara, mto na namba za nyumba ndani yake.

Tuanze na mlango wenyewe. Gazeti haliwezi kuletwa kwenye nyumba isiyo na anwani. Kwetu anwani ilikuwa sanduku la posta, na mara nyingi sanduku lenyewe ni la shule, la parokia au la kazini kwa mtu. Barua ya mkazi wa Lipangalala au Viwanjasitini ilipitia mikononi mwa mwalimu au karani kabla ya kumfikia. Namba za nyumba na vibao vya mitaa vilikuja kwa kishindo mwaka 2022, serikali ilipoendesha operesheni ya anwani za makazi kabla ya sensa ya Agosti. Sasa mlango unajulikana, lakini wa kuleta gazeti hayupo.

Makao ya gazeti, basi, yalikuwa meza ya muuzaji, na ili lifike pale lilikuwa na safari. Linachapwa Dar es Salaam usiku, linapakiwa basini alfajiri, linapita Morogoro, linakatiza hifadhi ya Mikumi, kisha linakata kushoto kuelekea Kidatu na mashamba yake ya miwa. Kutoka Kidatu hadi Ifakara ni karibu kilomita 67, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Basi likikwama, habari za leo zinasomwa kesho. Reli ya TAZARA inapita hapo hapo mjini tangu miaka ya 1970, ila treni ya abiria isiyopita kila siku haiwezi kubeba gazeti la kila siku. Na aliyekuwa akilisubiri Mahenge au Malinyi alikuwa na kikwazo cha ziada, mto Kilombero, uliokuwa ukivukwa kwa kivuko. Januari 2016 kivuko hicho kilipinduka. Daraja la mita 384 lilizinduliwa mwaka 2018, na lami ya Kidatu nayo ikafuata. Kila kitu ambacho gazeti lilikihitaji ili lifike mapema kimekuja wakati wasomaji wamekwisha kulipa kisogo.

Kwa nini bonde letu la Kilombero, lenye mpunga, miwa, mbao na samaki, halikupata gazeti lake? Si kwamba jambo hilo halikuwahi kujaribiwa Tanzania. Wachagga walikuwa na Komkya miaka ya 1950, wakiwa na fedha za kahawa na baraza lao la kikabila la kulisimamia. Mwaka 1974, wakati wa kampeni ya kisomo cha watu wazima, Mwanza ilipata Elimu Haina Mwisho, gazeti la vijijini lililoandikwa kwa ajili ya watu waliotoka tu kujifunza kusoma. Lakini mitambo mikubwa ya kuchapa ilikaa Dar es Salaam, na matangazo, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa gazeti lolote, yakakaa huko huko. Mtangazaji mkubwa ni serikali. Duka la pembejeo la Kibaoni haliwezi kulisha chumba cha habari. Kilichokaribia zaidi kuletwa nyumbani, kwa maoni yangu, ni Kiongozi, gazeti la Baraza la Maaskofu: linanunuliwa kanisani baada ya misa na kubebwa mpaka nyumbani.

Enzi nzuri ya meza ilikuwa fupi kuliko tunavyoikumbuka. Kabla ya enzi hiyo palikuwa na Uhuru, gazeti la chama tangu 1961, na Mzalendo lake la Jumapili. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, mlango wa magazeti binafsi ukafunguka: Majira, Nipashe, kisha Mwananchi mwaka 2000. HabariLeo la serikali likafuata mwaka 2006. Meza zikajaa rangi. Aliyekuwa na fedha alinunua, asiye nazo alipiga chabo vichwa vya habari na kuanzisha ubishi wa Simba na Yanga hapo hapo, na wauzaji wengine walikodisha nakala kwa bei ndogo ili ikisomwa irudishwe. Nakala moja ilisomwa na watu wengi mno, na mwishowe ikafungiwa karanga. Mchapishaji huko Dar es Salaam alihesabu mauzo ya nakala moja.

Kisha yakaja mambo matatu kwa pamoja. La kwanza ni intaneti. Mwaka 2005 Issa Michuzi, mpiga picha wa magazeti ya serikali, alianzisha blogu yake akiwa Helsinki, na sisi wa ughaibuni ndio tuliokuwa wateja wake wa mwanzo. JamiiForums ikafuata mwaka 2006, mkongo wa baharini wa SEACOM ukatua mwaka 2009, na simu ya mkononi ikamaliza kazi. La pili ni redio. Vituo vilizoea kuyasoma magazeti hewani kila asubuhi, hadi mwaka 2017 waziri wa habari wa wakati huo, Harrison Mwakyembe, akaagiza visome vichwa vya habari tu. Ifakara ina redio yake, Pambazuko FM, inayozungumzia bei ya mpunga na mto Lumemo unapofurika, na haihitaji basi la kutoka Dar es Salaam. La tatu ni mkono wa dola. Mwananchi lilifungiwa siku 14 mwaka 2013, Tanzania Daima likanyang'anywa leseni mwaka 2020, na ni Februari 2022 tu ndipo leseni za magazeti manne zilirudishwa. Msomaji anayelipia gazeti anataka asichokipata bure. Magazeti yalipoanza kuandika kwa woga, sababu ya kulipa ilipungua.

Kuna wanaosema hatujapoteza chochote, maana habari za bonde letu katika magazeti ya Dar es Salaam zilikuwa safu moja ya mwandishi aliyekaa Morogoro mjini, na mara nyingi mpaka mtu afe ndipo tutajwe. Ni kweli kwa sehemu. Kwa habari za siku hiyo hiyo redio inatufaa zaidi kuliko gazeti lilivyowahi kutufaa. Lakini safu ile moja ilikuwa na tarehe, jina la mwandishi na kauli ya kiongozi aliyeahidi kitu. Ungeweza kuikata, kuiweka kwenye faili na kumwonyesha miaka 10 baadaye. Mgogoro wa mipaka kati ya wakulima na wafugaji hudumu kuliko simu yoyote ya mkononi, na ujumbe wa WhatsApp hauna wa kuuthibitisha.

Kwa hiyo nina ombi. Kama kwa wazazi wako kuna sanduku la magazeti ya zamani, liwahi kabla ya muuza karanga na mchwa. Kila ukurasa unaotaja Ifakara, Mlimba, Malinyi au Mahenge upige picha, jina la gazeti na tarehe vionekane, kisha nitumie. Nakala yenyewe usiitupe.