Je, Wajua Yai la Kipepeo Lina Tundu Kileleni?

Kata ya Kimuli, wilayani Kyerwa, ni nchi ya migomba na mibuni. Mtu wa huko, kama ilivyo kote Karagwe na Kyerwa, hana haja ya kwenda msituni kutafuta yai la kipepeo. Na aangalie majani machanga ya mlimau au mchungwa ulio karibu na nyumba. Mara nyingi atakuta kitone cha manjano iliyopauka, upana wake kama milimita 1, sawa na punje ya ulezi. Hilo ni yai la *Papilio demodocus*, yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano anayeingia uani bila woga. Jike wake hutaga yai moja moja, na baada ya siku chache hutoka kiwavi ambaye ndege humdhania kuwa kinyesi cha ndege mwenzake.

Je, wajua kwamba kila ukoo wa vipepeo una ganda la namna yake? Yai la *demodocus* na jamaa zake ni la mviringo na karibu laini. Vipepeo weupe na wa njano tunaowaona barabarani baada ya mvua hutaga mayai marefu yaliyosimama wima, yenye mbavu kutoka juu hadi chini. Wale wadogo wa rangi ya bluu wana mayai bapa yaliyofunikwa na wavu wa matuta na vishimo. Anayeyajua vizuri hutaja ukoo kabla kiwavi hajatoka.

Na kileleni mwa yai kuna tundu dogo mno. Hapo ndipo mbegu ya dume hupita. Ganda hukamilika ndani ya mwili wa mama kabla yai halijarutubishwa. Jike huwa ameihifadhi mbegu katika kifuko, na yai linapopita njiani kutoka nje, mbegu huingia kwa mlango huo. Vitundu vingine, vidogo zaidi, huingiza hewa kwa kiwavi anayekua ndani.

Je, wajua kwamba picha moja nzuri ya yai huwa ni picha nyingi? Ukikuza mara 10 kwa lenzi ya hadubini iliyofungwa kwenye kamera, unene wa sehemu inayoonekana wazi haufiki hata sehemu moja ya mia ya milimita. Kilele kikiwa wazi, ubavu wote ni ukungu. Kwa hiyo kamera huwekwa juu ya reli ndogo, husogezwa kidogo kidogo, na kila hatua hupigwa picha. Kisha programu ya kompyuta huchukua kutoka kila picha ile sehemu iliyo wazi na kuziunganisha. Kwa yai la milimita 1, picha 60 au hata 100 si nyingi. Bodaboda ikipita nje ya nyumba, kazi huharibika. Fleshi ya muda mfupi husaidia, mradi ifunikwe kwa karatasi nyeupe nyembamba, maana ganda hung'aa na mwanga mkali huacha doa jeupe juu yake. Asiye na vifaa hivyo anaweza kugeuza lenzi ya zamani ya milimita 50 kinyumenyume na kuifunga kwenye kamera kwa pete. Haifiki mara 10, lakini mbavu za yai zitaonekana.

Kabla kamera haijakuwapo, mayai yalichorwa kwa mkono. Mwingereza Robert Hooke aliweka mayai ya nondo wa hariri katika kitabu chake cha hadubini cha mwaka 1665. Leo hadubini ya elektroni huonyesha mengi zaidi, ila kwa kawaida yai hupakwa dhahabu na kuwekwa penye ombwe, na picha hutoka bila rangi. Rangi unazoziona magazetini huongezwa baadaye. Mimi naipenda zaidi picha ya yai lililo hai, kwa sababu rangi yake ina habari. Likikaribia kuanguliwa, kichwa cheusi cha kiwavi huonekana kupitia ganda. Likiwa jeusi lote, huenda kuna nyigu ndani: wako nyigu wa jenasi *Trichogramma*, wasiofika milimita 1, wanaotaga ndani ya mayai ya vipepeo na nondo.

Je, wajua kwamba nusu ya mayai inaweza kufa kwa sababu ni ya kiume? Huko Uganda, miaka ya 1960, Denis Owen wa Makerere alishangazwa na kipepeo *Acraea encedon*: baadhi ya makundi yalikuwa karibu majike matupu. Jibu lilichapishwa mwaka 1999. Bakteria aitwaye *Wolbachia* huishi ndani ya jike na kurithiwa kupitia yai. Dume hawezi kumrithisha kwa yeyote, na bakteria huyo huwaua madume wangali ndani ya ganda. Katika fungu moja la mayai, majike huanguliwa na madume hubaki. Penye maambukizi mengi majike huzidi asilimia 90, na wao ndio hukusanyika mahali pamoja kungojea dume apite.

Mkulima wa viazi vitamu ana sababu yake ya kutazama. *Acraea acerata*, kipepeo wa rangi ya chungwa, hutaga mayai 100 na zaidi kwa pamoja kwenye majani ya viazi, na viwavi wake huweza kuacha shamba vijiti vitupu. Fungu likionekana mapema, jani moja hung'olewa na kazi imekwisha.

Mashariki zaidi, wilayani Missenyi, msitu wa Minziro una spishi zaidi ya 500 za vipepeo. Kwa spishi nyingi za Afrika, mabawa yanajulikana lakini yai na kiwavi bado havijaelezwa kitaalamu. Picha ya yai kutoka shamba la Kimuli ina thamani ikiandikiwa jina la mmea, tarehe, mahali na kipimo. Wapiga picha makini hulilea yai lile lile, wakibadilisha majani kila siku, hadi kipepeo atoke, ndipo waandike jina la spishi.