ALBION, CHOMBO CHA TANGA JEUSI

Katika jimbo la Norfolk, upande wa mashariki wa Uingereza, mna mito ya Yare, Bure na Waveney, ipitayo katika nchi tambarare yenye matete mengi na kukutana karibu na bandari ya Great Yarmouth. Kando ya mito hiyo mna maziwa madogo madogo. Watu waliyadhani kuwa maziwa ya asili, hata katika miaka ya 1950 wataalamu walipothibitisha kuwa ni mashimo yaliyochimbwa na watu wa kale waliokuwa wakitafuta udongo mweusi wa kuchoma badala ya kuni. Baadaye maji yalipanda yakayajaza.

Kabla ya kuja reli na malori, nafaka, makaa ya mawe, mbao na matofali ya nchi hiyo yalichukuliwa na vyombo vya tanga viitwavyo weri. Zamani vyombo hivyo vilikuwa mamia. Vya mizigo vilivyosalia na tanga ni viwili tu, nao ni Albion na Maud. Twapenda kuwaeleza wasomaji habari za Albion, maana hakina kiungo kisicho na sababu, na mtu azijuaye sababu hizo aweza kuielewa nchi ile pasipo kufika.

Chombo hiki kilijengwa mwaka 1898 na fundi William Brighton, mahali paitwapo Oulton Broad, kwa ajili ya wafanya biashara wa kimea wa mji wa Bungay. Urefu wake ni futi 58, upana futi 15, nacho huchukua mzigo wa tani 40. Ni kipana na kifupi wa kina, maana mito ile si ya maji mengi. Kikijaa shehena chahitaji maji ya futi 4 na nusu hivi. Weri nyingi zilikuwa na mkuku wa kufunguliwa: zikifika penye maji haba, mkuku hufunguliwa ukaachwa, na wakati wa kurudi ukafungwa tena.

Weri nyingine zilijengwa kwa mbao zilizopandana kama vigae vya paa. Mbao za Albion, ambazo ni za mwaloni, zimepangwa ukingo kwa ukingo hata ubavu ukawa laini. Husemwa ya kuwa sababu ni milango ya maji iliyokuwa katika njia ya kwenda Bungay, ambayo kuta zake nyembamba zingezikwaruza na kuzivunja mbao zilizopandana.

Lakini jambo la ajabu zaidi ni mlingoti. Juu ya mito ile mna madaraja mengi, na mengine, kama lile la mawe la Potter Heigham, ni ya chini mno. Ingekuwa lazima chombo kisimame na watu wengi waitwe kuja kuushusha mlingoti, biashara isingekwenda. Basi mafundi waliusimamisha mlingoti kati ya nguzo mbili fupi zilizotiwa mhimili, na katika shina lake wakafunga risasi ya uzito wa tani moja na nusu hivi. Kamba ya mbele ikilegezwa, mlingoti huinama polepole na shina lenye risasi huinuka kupitia mlango ulio katika sitaha. Daraja likiisha kupita, risasi hushuka na mlingoti husimama. Ni kama mzani wa dukani. Mabaharia hodari, nao walikuwa wawili tu, mara nyingi mtu na mkewe au kijana wake, waliweza kupita chini ya daraja na mwendo wa chombo usipotee.

Kwa kuwa mlingoti ni wa kulazwa, hauna kamba za pembeni za kuushikilia. Kamba ni ile moja ya mbele. Tanga nalo ni moja, kubwa sana, nalo hupandishwa na foromali iliyoegemea mlingoti kwa ncha moja na kuelekea juu, ili lipate upepo upitao juu ya miti na matete. Chini ya tanga hapana mti, hivyo mzigo uliorundikwa juu ya sitaha haulizuii. Rangi yake nyeusi haikuwekwa kwa urembo. Ni lami iliyochanganywa na mafuta ya samaki, ili kitambaa kisioze. Watu wa pwani yetu waliozoea kupaka vyombo sifa hawatashangaa. Na penye kichwa cha chombo, kila upande, hupakwa rangi nyeupe ili wenzao wakione usiku.

Upepo ukikosa, mabaharia hushika upondo mrefu na kutembea ubavuni mwa chombo toka mbele hata nyuma, wakisukuma kwa bega.

Reli iliziondolea weri kazi kidogo kidogo, kisha malori yakamaliza. Mwaka 1929 Albion kilizama karibu na daraja la Great Yarmouth, kikaopolewa baada ya siku tatu. Mwaka 1931 kiling'olewa mlingoti, kikawa tishari la kukokotwa. Chombo cha mbao kikifika hali hiyo kwa kawaida hakina siku nyingi; wenzake wengi walikwisha kuzamishwa ili kutegemeza kingo za mito. Maud chenyewe kilizamishwa hivyo, nacho kiliopolewa mwaka 1981.

Mwaka 1949 watu wenye kuupenda utamaduni huo waliunda chama kiitwacho Norfolk Wherry Trust, wakakipata Albion na kukitia mlingoti na tanga tena. Wangaliweza kukiweka nchi kavu kitazamwe, lakini walikirudisha katika kazi ya shehena, na kwa maoni yetu walifanya vema, maana mbao zilizozoea maji zikikauka hupasuka, na ujuzi wa kulaza mlingoti haujifunzwi kwa kutazama. Hata hivyo mizigo haikutosha kulipa gharama, na baada ya miaka michache chama kiliacha shehena, kikaanza kuchukua abiria wanaolipa nauli. Kwa fedha hizo, na kwa kazi ya mikono ya wanachama, hununuliwa mbao, lami na kitambaa cha tanga. Na maskani ya chombo ni katika kijiji cha Ludham, penye maji yaitwayo Womack Water.