Je, Wajua? Dawa ya Ubongo Inayochumwa Silibwet

Je, wajua kwamba majani mabichi yanayochumwa huko Silibwet, kaunti ya Bomet, yana dawa inayogusa ubongo, na kwamba hakuna nyingine ya aina yake inayotumiwa na watu wengi zaidi duniani? Ni kafeini. Mjerumani Friedlieb Ferdinand Runge aliitenga kutoka kwenye buni mwaka 1819. Ile ya kwenye chai ilipopatikana mwaka 1827 ilipewa jina lake, teini, mpaka ikathibitika kuwa ni kitu kilekile.

Mchai huitengeneza ili kujikinga na wadudu, nayo hujaa zaidi kwenye sehemu changa. Kwa hiyo mchumaji anayechagua majani mawili na chipukizi anachukua palepale ilipo nyingi.

Husemwa kwamba chai hutia nguvu. Haitii. Tangu unapoamka, adenosini hujikusanya ubongoni. Ikishika vipokezi vyake, seli hupunguza kasi, nawe unaanza kusinzia. Kafeini ina umbo linalokaribiana nayo, basi huwahi vipokezi hivyo kama mgeni aliyekalia kigoda cha mwenye nyumba: kazi ya mwenyewe haifanyi, ila nafasi imezibwa. Uchovu upo palepale, ni ubongo tu usioupata ujumbe. Adenosini huzidi kurundikana, na kafeini inapopungua, usingizi huja kwa kishindo.

Kwa mtu mzima, nusu ya kafeini huwa ingali mwilini baada ya saa tano hivi. Kikombe cha saa kumi na mbili jioni bado kinafanya kazi saa tano usiku, jambo ambalo mzazi anayemmiminia mtoto chai ya maziwa wakati wa chakula cha jioni anapaswa kulijua. Kwa mjamzito hukaa muda mrefu zaidi. Shirika la Afya Duniani linawashauri wajawazito wanaotumia zaidi ya miligramu 300 kwa siku wapunguze.

Ubongo nao huzoea. Mnywaji wa kila siku akiikosa, kichwa huanza kumuuma kati ya saa 12 na 24 baadaye.

Na kwa wakimbiaji wa nyanda hizi: kafeini ilikuwa kwenye orodha ya dawa zilizopigwa marufuku michezoni. Mkojo wenye zaidi ya mikrogramu 12 kwa kila mililita ulitosha kumponza mwanariadha. Iliondolewa Januari 2004, ingawa Shirika la Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli Duniani bado linafuatilia matumizi yake.