Darasa Lililo Juu ya Kiboriloni

Mwanafunzi aingiaye chuo kikuu kusomea elimu ya viumbe hupewa tangu mwaka wa kwanza masomo mawili yasiyoachana: ikolojia, ambayo ni elimu ya jinsi viumbe wanavyoishi pamoja na wanavyotegemeana na ardhi, maji na hewa, na elimu ya mageuko, ielezayo jinsi viumbe hao walivyofikia kuwa namna walivyo. La kusikitisha ni kwamba mifano anayofundishiwa aghalabu hutoka mbali, kama vile ndege wa visiwa vya Galápagos, ambako Charles Darwin alifika mwaka 1835, na nondo weusi wa Manchester; hata kijana aliyelelewa Kiboriloni, penye soko la mitumba la Moshi, ambaye kila alfajiri isiyo na mawingu huuona Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mbele ya macho yake, hukariri habari za wadudu wa Uingereza ili apate kujibu mtihani, na likizo ikifika huwa amekwisha kuzisahau. Mimi sioni haja ya kwenda mbali kote huko, madhali mteremko unaoanzia sokoni hapo hadi kwenye barafu unatosha kufundishia misingi ya elimu zote mbili, tena kwa udhahiri uliopita ule wa vitabu.

Tuanze na joto na mvua. Mjini Moshi, kwenye mwinuko wa mita 800 hivi, wastani wa joto la mwaka ni kama digrii 23, ilhali kileleni, mita 5,895 juu ya bahari, ni kama digrii 7 chini ya sifuri. Yaani kila mtu apandapo mita 100 joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu digrii. Mvua nayo ina taratibu yake: huzidi kadiri mtu apandavyo mpaka msituni, ambako upande wa kusini hupita milimita 2,000 kwa mwaka, kisha hupungua tena hata huko juu kabisa ikawa haba kama ya jangwani. Kutokana na mambo hayo mawili mlima umejigawa mikanda: nyika, mashamba ya nyumbani yaitwayo vihamba, msitu mkubwa, vichaka, jangwa la baridi, na mwisho barafu. Alexander von Humboldt aliyaona kama hayo katika mlima Chimborazo wa Amerika ya Kusini mwaka 1802, na mchoro wake wa mikanda ya mimea hufundishwa hata leo.

Wataalamu wa Kijerumani wakishirikiana na Watanzania walianza mwaka 2010 kuhesabu mimea na wanyama wa mlima huu katika viwanja vilivyopangwa toka mita 870 hivi hadi 4,550. Walipolitazama kundi moja moja, sababu za wingi wa spishi zilitofautiana. Walipoyajumlisha makundi yote, joto ndilo lililodhihiri kuwa sababu kuu.

Hata hivyo, ikolojia haingoji wageni wenye vyombo, kwani kihamba cha Mchaga chenyewe ni somo kamili. Juu husimama mringaringa na mruka, chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, na chini kabisa magimbi na maharage, kila tabaka likitumia mwanga uliosazwa na lile lililo juu yake. Maji huja kwa mfereji uitwao mfongo, na mpaka hulindwa na mimea ya masale. Ng'ombe aliyefungwa zizini hula majani na magogo ya mgomba, na samadi yake hurudishwa kwenye shina la mgomba ule ule. Lakini mwanafunzi mwangalifu atauliza zaidi: je, yale majani ambayo akina mama huyabeba toka tambarare kuja kumlisha ng'ombe huyo, si rutuba ya nyika inayohamia mlimani? Naam, ndivyo, na swali moja la namna hiyo nalithamini zaidi kuliko kurasa kumi za tafsiri ya istilahi.

Mageuko ndiyo huwatatiza wengi, hususan kwa dhana kwamba kiumbe hujibadili kwa hiari yake. Juu ya mita 3,500 huota senesio mkubwa, mmea wenye kimo cha mti, ambao majani yake yakifa hayaanguki bali hubaki yamelizunguka shina na kulikinga na baridi, na usiku yale mabichi hujikunja kukifunika chipukizi. Olov Hedberg, mtaalamu wa mimea wa Kiswidi aliyefika katika milima hii mwaka 1948, alieleza kuwa huko kila mchana ni kiangazi na kila usiku ni kipupwe. Sasa, mpagazi aendaye mlimani hushuka Kiboriloni, akapekua mitumba mpaka akapata koti zito limfaalo. Senesio hakupekua wala hakuchagua. Katika mimea iliyozaliwa ikitofautiana kidogo kidogo, ile isiyo na kinga iliuawa na jalidi kabla ya kuzaa, na iliyokuwa nayo ikazaa na kuwarithisha watoto wake, kizazi baada ya kizazi. Huko ndiko kuteuliwa kwa asili, ambako Darwin alikueleza katika kitabu chake cha mwaka 1859.

Nasaba ya mmea huo nayo imechunguzwa. Eric Knox na Jeffrey Palmer, waliosoma chembe zake za urithi, walieleza mwaka 1995 kuwa masenesio haya yalistawi kwanza Kilimanjaro, kisha yakasambaa hadi milima ya Meru, Kenya, Elgon na Ruwenzori, yakawa spishi mbalimbali. Na katika milima ya Andes uko mmea uitwao espeletia, usio na udugu wa karibu na senesio, nao una shina lile lile lililovikwa majani makavu: baridi moja, jawabu moja, nasaba mbili.

Asidhani mtu kwamba sheria hiyo inatuacha sisi wanadamu. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alitambua mwaka 1949 kuwa wenye chembe ya urithi ya selimundu ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni wachache nyanda za juu zisizo na malaria. Mwaka 1954 akabainisha kwamba aliyeirithi toka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali, ingawa aliyeirithi kwa wazazi wote wawili huugua vibaya.

Chuo cha wanyamapori cha Mweka kipo mteremkoni hapa tangu mwaka 1963, na vyuo vikuu vya Moshi vinauona mlima kwa madirisha yao. Nawaomba wahadhiri wasingoje wafadhili wala fedha za kufika kileleni: kipimajoto, daftari, na nauli ya kutoka Kiboriloni hadi Kidia vinatosha kwa somo la kwanza.